Abiria wa Kiti cha Tatu

Jioni ile nilikuwa natoka Busia kwenda Malaba kupeleka kibali cha lori la chumvi. Muhuri wa Malaba ulikuwa umetiliwa shaka, ukahitaji muhuri wa Busia kuuthibitisha, na sasa Malaba walitaka kuuona huo wa Busia. Ndiyo kazi ya ajenti wa mpakani. Jua lilikuwa likivuka kwenda Uganda bila kibali chochote.

Phanuel akanisimamishia gari. Pijo 504 stesheni wagoni, mpya, safu tatu za viti. Alikuwa mkaguzi wa magari katika ofisi ambayo jina lake nitaliacha lipumzike.

"Egwang, panda. Kaa hapa mbele."

Nikataka kutupa mkoba wangu nyuma. Akanishika mkono.

"Nyuma hapana."

Hakukuwa na mtu mwingine. Lakini nyuma ya gari ilikuwa imelala chini, kama imebeba saruji.

Tulipopita Alupe, harufu ikaanza. Udongo mbichi... na ile dawa ya kuhifadhia maiti.

Mwanzo wa habari niliujua. Malaba nzima iliujua. Okedi, mwenye teksi ya Pijo 404 stesheni wagoni, alifia Tororo. Mkewe Amuron akamrudisha nyumbani Moding kwa gari lake mwenyewe, jeneza likiwa mahali pa kiti cha tatu. Katika ukoo wetu, maiti akisafirishwa huambiwa safari yake. Mkivuka mto, mnamwita jina, mnamwambia tunavuka. Mkifika, mnamwambia shuka, tumefika.

Asipoambiwa, hashuki.

Phanuel alilikamata gari hilo kwenye kizuizi. Lilikuwa limeandikishwa kwa jina la marehemu, na marehemu, alieleza kwa utaratibu, hawezi kuwa na gari barabarani. Aje mwenyewe abadilishe jina. Jeneza likashushwa vumbini, likaenda Moding kwa mkokoteni wa ng'ombe. Amuron aliomba tu aingize kichwa garini aseme neno moja. Haiwezekani, akaambiwa, gari limeshapigwa lakiri. Baadaye likauzwa kwa mnada. Mnunuzi akawa shemeji yake Phanuel, na dereva akawa Phanuel.

Sasa Phanuel alinieleza yale Malaba haikuyajua. Lile 404 lilinuka na kumlemea nyuma, akaliuza akanunua 504 ya saluni, ile fupi yenye safu mbili za viti na buti. Nikasema, kwa kuwa nasoma magazeti ya magari na sijui kunyamaza, kwamba hiyo ilikuwa hatua nzuri: yale mapezi ya nyuma ya 404 yameondolewa, springi ni laini, taa zina pembe. Hata buti kuinama vile nyuma ni urembo wa wachoraji.

"Nilidhani ameiinamisha yeye," Phanuel akasema. Hakucheka.

Shida ya saluni ni kwamba haina kiti cha tatu. Abiria, aliyekuwa amemfuata dereva, akasogea mbele. Akakaa cha pili, kando ya Rosebella, binti yake Phanuel. Mtoto akaanza kujibana mlangoni, kuacha nafasi. Kisha akaanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyemwuliza. Siku hizi nyumbani haongei kabisa. Anaongea akiwa garini tu. Ndipo baba mtu akanunua hili, stesheni wagoni tena, ili abiria apate kiti chake cha zamani.

"Akarudi nyuma?" nikauliza.

"Alishamzoea mtoto."

Nyuma ya mgongo wangu, kiti kikalia. Kriii...

Sikugeuka.

Alichotaka Phanuel kwangu kilikuwa kidogo tu. Amuron ni jamaa yangu. Nimwombee aje aseme lile neno.

Tulimkuta Moding akianua mtama uani. Nikamweleza yote. Hakushangaa. Alimaliza kujaza ungo wake kwanza. Phanuel, ambaye madereva wa malori humwamkia kofia mkononi, akapiga magoti kwenye makapi.

"Mama, mwambie ashuke. Ni mtoto wangu."

"Siku ile nilikuomba neno moja, mkubwa. Ulinijibu nini?"

Amuron akaweka ungo chini.

"Ulisema gari limefungwa. Haya, lifungue."

Phanuel akafungua mlango wa nyuma. Harufu ikatoka nzima nzima. Mbwa wa pale akaondoka bila kubweka. Amuron akaingiza kichwa. Aliita taratibu, kama mke anayemwamsha mumewe asubuhi.

"Okedi."

Kriii...

"Okedi, ni mimi. Bado hatujafika."

Nikamwona Phanuel akiinua uso.

"Mwache mtoto wa watu. Kaa na dereva."

Akafunga mlango polepole, asije akambana mtu vidole. Kisha akarudi kwenye mtama wake.

Nilisema nitatembea hadi Malaba. Phanuel hakunisihi. Gari liliponipita, nyuma ilikuwa imeinuka kama ya gari lolote. Lililolala sasa ni bega la mbele, upande nilikokuwa nimeketi mimi. Na Phanuel alikuwa amejibana mlangoni, bega limegandamana na kioo, akiendesha kwa mkono mmoja.

Ameacha nafasi.

Rosebella alianza tena kuongea nyumbani wiki ile ile. Ni mtoto mchangamfu, mwenye adabu. Ila gari la baba yake likiingia uani, hukimbia mlangoni na kuamkia watu wawili.