Tundu Nyuma ya Kitanda

Nyamoita ndiye aliyeona kwanza. Ilikuwa Jumamosi, tarehe tisa Julai 1955, saa nane mchana, naye na mumewe Alfayo walikuwa wametoka kanisani kwa Wasabato, Magwagwa. Aliukuta mlango wa nyumba yake wazi shubiri moja, vifaranga vinalia kizingitini kwa kushindwa kupanda, na mama yao, yule kuku mweupe, amelala kitandani juu ya koti jipya la mumewe kama mgeni aliyealikwa. Nyamoita akamfukuza kwa kanga. Kuku akarukia chini ya kitanda, na mama wa watu alipoinama kumtoa, akaona mwanga wa jua. Chini ya kitanda, ukutani, mahali ambapo hapajawahi kuwa na dirisha wala upenyo!

"Alfayo!" akapiga ukelele. "Alfayo, mkoba!"

Mkoba haukuwepo. Ulikuwa mkoba bapa wa turubai, na ndani yake mlikuwa na pasipoti, cheti cha daktari, cheti cha ufundi daraja la kwanza, na barua kutoka kiwanda kimoja cha mabehewa huko Uingereza kinachomwita Alfayo Machogu, fundi wa kuchomelea vyuma, aende kufanya kazi. Miaka miwili alikuwa amezihangaikia karatasi hizo, leo Kisumu, kesho Nairobi, keshokutwa njoo kesho. Basi la Kisumu lilikuwa Jumatano alfajiri, kisha treni hadi Mombasa, na meli haina jamaa wa kumsubiri. Asipofika, nafasi ingekwenda kwa jina la pili kwenye orodha.

Alfayo aliketi sakafuni, mikono kichwani. Hakulia wala hakutukana. Alikodoa macho kwenye lile tundu, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

Koplo Osman wa kituo cha polisi cha Nyamira alifika Jumapili saa tatu asubuhi, amelowa jasho, anaisukuma baiskeli. Mlima wa kwenda kwa kina Machogu hauendeshwi baiskeli. Unaibeba nawe unaomba Mungu. Osman alizaliwa mjini Kisii, dukani kwa baba yake karibu na msikiti. Kiswahili alikuwa nacho tele, lakini Ekegusii chake, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha sokoni: bei, salamu na matusi mawili matatu.

Akapima tundu kwa rula. Urefu inchi kumi na mbili, upana sita. Mkono unapita, bega linakwama. Udongo ulikuwa umelowanishwa maji kwanza, kisha ukakwanguliwa polepole, na hapo Osman akakuna kidevu, maana hakuna ufito hata mmoja uliokatwa. Aliyetoboa alipenya katikati kabisa, kana kwamba aliona fito na nguzo kupitia kwenye udongo.

"Kingine kimepotea?"

"Hakuna, afande," alisema Alfayo. "Koti lipo, viatu vipo, redio ipo."

"Nani alijua mkoba unakaa hapa?"

"Nani hakujua? Jana saa mbili asubuhi mchungaji alikuja kuziombea karatasi. Tuliomba pale uani, majirani wamejaa. Mke wangu akaniuliza aurudishe wapi, nikamwambia, tena kwa sauti: weka chini ya kitanda, upande wa kichwa, uegemeze ukutani. Ee Mungu wangu, si nilimwelekeza mwizi mimi mwenyewe!"

Nje, Mzee Machogu, baba yake Alfayo, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mlangoni, blanketi begani.

"Mzee, ingia uone walivyokufanyieni," aliita Osman.

"Ona wewe, mwanangu. Mimi naona kutoka hapa."

"Kutoka hapo huoni kitu!"

"Basi utaniambia."

Alfayo akamvuta koplo pembeni. "Afande, usimlazimishe. Baba haingii humu. Tangu siku niliyooa, nyumba yangu ni mwiko kwake. Sisi tunaita chinsoni, ile heshima ya baba na mwana. Akivuka kizingiti hiki ni balaa kwetu sote. Na si yeye tu, hata ndugu zake wangekuwa hai wasingeingia, ila wote tumeshawazika."

Osman, mtoto wa mjini, akafungua daftari, akaandika "Mzee Machogu", kisha akalikata jina hilo kwa mstari mmoja. Mtu asiyeweza kuingia nyumbani ataibaje humo? Mstari ule aliuchora kwa wino, na alikuja kuujutia.

Hata hivyo alimhoji, kwa kuwa mzee pekee ndiye aliyebaki bomani wengine walipokwenda kanisani. Hakuwa mtu wa Sabato wala wa misa.

"Ulisikia kitu, mzee?"

"Nilikuwa ghalani napepeta wimbi wangu. Haya masikio ni ya zamani, bwana koplo. Yanasikia ngurumo tu."

"Na hii safari ya mwanao unaionaje?"

Mzee akatazama bonde. "Safari ni ya mwenye miguu."

Alfayo ndiye aliyefafanua maneno hayo walipokuwa wakishuka njiani. "Baba ana kidonda. Kaka yangu Ombati alikwenda vitani mwaka 1942, hadi Burma. Vita vikaisha, yeye hakurudi. Baba anasema alioa huko huko, akatusahau. Mama alikufa akimsubiri. Siku nikimwona Ombati, afande, sijui nitamkumbatia au nitamzaba kofi."

Jina la pili kwenye orodha ya kiwanda lilikuwa la Thadeus, fundi wa Sironga. Alisoma ufundi pamoja na Alfayo, na ni Mkatoliki, kwa hiyo Jumamosi yake ilikuwa huru. Majirani walimwona kwenye maombi, kisha wakamwona saa nne akishuka mbio na gunia mgongoni. Unataka nini tena? Magwagwa yote ilikuwa imeshamhukumu kabla koplo hajapanda baiskeli.

Jumatatu asubuhi Osman alimkuta akinoa jembe.

"Jumamosi saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Thadeus, watu kumi wamekuona na gunia."

Jembe likamponyoka. "Nilikwenda Kisii, afande. Kwa Mama Hawo wa hoteli. Gunia lilikuwa la ndizi."

"Kwa nini unadanganya kwa jambo la ndizi?"

"Aibu! Mimi fundi mwenye cheti, nabeba ndizi za hoteli kama punda. Afande, nilitaka kazi ile ya Ulaya, sikatai. Nilipolikosa jina la kwanza niliumwa tumbo siku tatu. Lakini hebu tumia akili. Mimi niiibie nyumba ile kwa kutoboa ukuta, nina wazimu? Mlango wenyewe unafungwa kwa kamba ya mgomba! Upepo unaufungua! Mwizi gani anaacha mlango anachimba ukuta?"

Osman akaliandika swali hilo daftarini.

Akapanda lori hadi Kisii. Mama Hawo, aliyemjua Osman tangu akitambaa, alimwekea chai bila kuulizwa. "Thadeus? Alifika hapa Jumamosi saa saba, amebeba ndizi, nikampa wali akala sahani mbili. Masikini, ana njaa yule, hana wizi. Wewe mbona umepauka hivyo? Kunywa chai."

"Shangazi, mtu anaweza kuiba kwenye nyumba asiyoruhusiwa kuingia?"

"Atanyoosha mkono dirishani."

"Na kama hakuna dirisha?"

Hawo akacheka. "Basi alitengeneze!"

Osman akaweka kikombe chini. Akalifungua daftari, akautazama ule mstari wa wino. La hawla! Alitamani awe amekosea, maana kuna kesi ambazo askari haoni raha kuzishinda.

Jumanne saa kumi jioni aliwakusanya uani: Alfayo na Nyamoita, Thadeus aliyekuja kwa hiari yake asafishe jina, na Mzee Machogu juu ya kigoda chake. Majirani walikuja wenyewe, wala hawakuitwa.

"Mama Nyamoita," alianza Osman, "kuku wako mweupe aliingia kwa wapi?"

Watu wakacheka. Nyamoita hakucheka. "Mlangoni. Kamba ilikuwa imefunguka, vifaranga vilikuwa kizingitini."

"Mnasikia? Kuku kapita mlangoni. Mtu, mwenye akili zake, mchana kweupe, nyumba haina mtu, kaenda nyuma kumwagia ukuta maji na kuukwangua. Kwa nini? Thadeus angepita mlangoni. Jirani yeyote angepita. Nami nilikaa siku mbili namtafuta mtu aliyeweza kuingia humu, kumbe nilitakiwa kumtafuta asiyeweza."

"Fito hazikukatwa," aliendelea, sauti ikishuka. "Aliyetoboa alijua kila nguzo ilipo. Alfayo, nguzo za nyumba hii alizisimika nani, kabla hujaoa?"

Alfayo aligeuza shingo polepole kumwelekea baba yake.

"Tata?" alisema. "Tata, siyo wewe. Sema siyo wewe!"

Mzee Machogu alilivuta blanketi lake begani. Kisha akasema, "Sikuvuka mlango wako. Mungu anajua. Nilinyoosha mkono tu."

Uani pakalipuka. Mwanamke mmoja akashika kichwa, Thadeus akajikuta amekaa chini. Baba amwibie mwanawe! Nyamoita alijifunika uso kwa kanga. Alfayo alimsogelea baba yake.

"Miaka miwili, Tata! Miaka miwili ya maisha yangu! Umezichoma?"

"Nilitaka. Niliwasha moto, nikafungua kile kitabu kidogo, nikakuta uso wako unanitazama. Uso wa mwanao unautiaje motoni?" Akanyoosha kidole. "Ziko ghalani, chini ya wimbi."

Osman alikwenda mwenyewe. Alizamisha mkono hadi begani kwenye wimbi, akautoa mkoba mzima, haujaharibika. Akarudisha mkono kutafuta kama kuna karatasi iliyodondoka, na vidole vikagonga kopo la tumbaku, kuukuu, limeshika kutu. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Alipotoka nalo, mzee akainuka kwenye kigoda kwa mara ya kwanza.

"Hiyo siyo yake. Hiyo rudisha."

"Ni karatasi ya jeshi, mzee," alisema Osman, macho yakipita kwenye mistari. Alimtazama mzee, akamtazama Alfayo. Hakuisoma kwa sauti. Alimpa Alfayo mwenyewe.

Alfayo aliisoma akiwa amesimama, kwa sauti ya mtoto wa shule, neno kwa neno. "Tunasikitika kukujulisha kwamba askari Ombati Machogu aliuawa vitani Burma, tarehe kumi na nne Machi, 1944." Akarudia mwaka ule, "1944," kana kwamba umekosewa. "Tata, Ombati amekufa? Miaka kumi na moja Ombati amekufa, na mimi namtukana kila siku?"

"Karani wa chifu alinisomea," alisema mzee. "Mama yako alikuwa kitandani, anahesabu siku zake. Nimwambie nini? Nikasema Ombati ameoa, ana watoto wawili. Akafurahi. Akaniuliza majina yao, nami nikayatunga." "Akafa na majina ya wajukuu mdomoni. Baada ya hapo ningeanzia wapi kusema kweli? Mwanangu wa kwanza aliondoka na karatasi, akarudi karatasi. Sina hata kaburi la kwenda kupalilia. Nilipomsikia mchungaji akiombea hizo zako, nikaona ni zile zile."

Nyamoita ndiye aliyeanza kulia, kisha majirani, kisha Thadeus, tena huyo ndiye aliyelia kwa kelele kuliko wote.

"Alfayo," aliuliza Osman taratibu, "unashtaki?"

Alfayo alikunja ile karatasi mara nne kama alivyoikuta, akairudisha kwenye kopo. Alitembea hadi nyuma ya nyumba, akakaa huko peke yake, na wote wakamsikia akimwita kaka yake kwa jina, akimwomba radhi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Nimshtaki nani, afande? Kata jina."

"Nilishalikata," alisema Osman.

Saa za basi zilikuwa zinahesabika. Alfayo aliingia nyumbani, na watu wakadhani amekwenda kufungasha. Lakini akatoka na sanduku lake la bati, akaliweka uani mbele ya kigoda cha baba yake. Akaingia tena, akatoa koti. Akatoa viatu. Akatoa mashati, taulo, Biblia, miwani yake ya kuchomelea, akavipanga vyote nje kwenye nyasi, mahali ambapo mzee hazuiwi na mwiko wowote.

"Nisaidie kufungasha, Tata."

Mzee Machogu alipiga magoti polepole. Alilikung'uta koti, akatoa unyoya mweupe kwenye kola, akalikunja, akalilaza chini kabisa ya sanduku. Mkoba alimwachia Alfayo auweke mwenyewe, hakutaka kuugusa tena.

"Utaniandikia?" aliuliza.

"Kila mwezi. Nyamoita atakusomea."

Mzee akautazama mlango wa nyumba ya mwanawe, akautazama na ukuta wenye tundu.

"Anisomee hapa nje," alisema. "Na hilo tundu msilizibe mpaka barua ya kwanza ifike, nijue uko hai."