Suruali Iliyoshonwa Kwingine

"Fundi, mumeo siku hizi anashonewa nguo na nani?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja huku akianika nguo. Akaongeza, "Kikulacho ki nguoni mwako, shoga."

Fundi alicheka, lakini hakukaa nje tena. Alirudi ndani akaikunjua suruali ya mumewe. Mapajani ilikuwa imefumuliwa, ikaongezwa kitambaa, ikashonwa kwa uzi asioutumia yeye. Miaka sita ya ndoa hakuna sindano nyingine iliyowahi kugusa nguo za mume wake. Mara simu ya mume, iliyokuwa kitandani, ikaleta ujumbe: "Ya pili tayari. Njoo kabla mkeo hajajua."

Mume alitoka kuoga akamkuta amekaa, suruali magotini.

"Mshono huu si wangu. Wa mwanamke gani?"

"Wa mzee mmoja sokoni. Miwani yake kama kitako cha chupa."

"Mke wako ni fundi, wewe unampelekea nguo kipofu?"

Mume akashuka sakafuni, mgongo ukutani.

"Imerudi."

"Nini?"

"Mishipa waliyonipasua mwaka juzi ili tupate mtoto. Korodani imevimba tena. Nikishinda nimesimama inauma kama jino. Ningekuletea suruali uipanue, ungejua."

"Daktari alikwambia urudi akupime. Ulirudi?"

Mume akaanza kukunja ncha ya taulo.

"Nakuuliza, mume wangu."

"Niliogopa. Kisu cha kwanza kimeshindwa, cha pili kitafanya nini? Nenda, mke wangu. Upate mtoto kwa mwingine ungali kijana."

"Nimekunywa mizizi ya mama yako miaka mitatu kuifunika siri yako. Leo unanifukuza kwa sauti ya huruma? Huenda kuna mshipa walioukosa. Twende tukaulize. Mungu hajasema hapana, wewe ndiye umesema."

Mume alijifunika uso kwa taulo, mabega yakitikisika.

"Hodi humu."

Mama mkwe akaingia na kifurushi chake cha mizizi kama kila Jumamosi, ila leo hakumkabidhi mkwewe.

"Mwanangu, nimekupatia binti. Wazazi wake wanataka jibu leo. Huyu tumemvumilia vya kutosha. Shamba lisiloota halilimwi mara mbili."

Fundi alimtazama mumewe, kisha akainamia ule mshono, akaanza kuufumua uzi mmoja mmoja. Siri hiyo haikuwa yake kuitoa.

"Mama," mume alisema, sauti imekauka, "hiyo dawa nipe mimi."

"Wewe ya nini?"

"Mgonjwa ni mimi. Ile operesheni haikuwa ya ngiri, nilikudanganya. Na haikufaulu. Mkwe wako amekunywa uchungu wangu, na mimi nikimwangalia."

Mama akamgeukia Fundi.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Na kila nilipokutukana?"

"Nilijua."

Mama alitazama suruali iliyofumuliwa, akamtazama mwanawe sakafuni. Akakitia kifurushi kwapani, akavaa viatu mlangoni, cha kushoto mguu wa kulia, akatoka.