Uwazi Chini ya Duka la Fundi

Mtaa wa vitambaa ulikuwa umefurika watu adhuhuri ile. Fundi cherehani alikuwa anarudi dukani na jora begani alipomkuta msichana amepiga magoti mlangoni kwake: suruali ya kaki, buti za vumbi, kitambaa cha njano kichwani. Mbele yake palikuwa na mashine ya ukubwa wa ndoo, imesimama kwa miguu mitatu.

"Samahani kaka, usisogee kwanza," alisema bila kuinua macho. "Ukitembea inakusikia."

"Dada, hapa ni kwetu."

"Najua. Dakika mbili tu."

Fundi alisimama mpaka bega likafa ganzi. Ndipo akaelezwa kwamba ardhi huvuta kila kilicho juu yake, na palipo na uwazi chini, mvuto hupungua kidogo mno, kiasi ambacho mashine ile tu ingekigundua. Bomba kuu la maji lilikuwa linavuja, na manispaa ilitaka kujua kama maji yalikuwa yanakula udongo.

"Kumbe sote wapimaji," fundi alisema, akigusa futi iliyoning'inia shingoni. "Wewe unapima ardhi, mimi napima viuno."

"Viuno vya nani?"

"Vya wateja, na mama yangu amekaa pale ananichunga."

Mama mtu, kwenye cherehani yake, aliangua kicheko. Mpimaji naye akacheka, kipimo kikaharibika, ikabidi aanze upya.

Kwa wiki tatu alirudi karibu kila siku. Jioni zikawa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakula saa ngapi, na wewe hutaki kukata simu?"

Kisha asubuhi moja fundi akakuta karatasi imebandikwa mlangoni: duka lihamwe siku hiyohiyo. Sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya mpimaji. Alimpigia palepale.

"Umekaa na mama yangu wiki tatu, kumbe unajua."

"Nilikuwa natafuta kosa langu. Kila nikipima, mvuto pale anapokaa mama umepungua zaidi. Nilitamani mashine ndiyo iwe mbovu."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini, wakati sina uhakika? Nimeupata jana, leo nimeandika."

"Mama ameshona pale miaka ishirini na sita," fundi alisema, akakata simu.

Siku tisa fundi hakupokea simu za mpimaji. Walihamia chumba cha kuazima, na mama akawa anamuuliza kila asubuhi, "Binti wa watu amekukosea nini hasa?" Akainamia kitambaa.

Siku ya kumi mteja aliingia akihema. Duka lao la zamani limezama, alisema, na watu wa manispaa walikuwa palepale wanapima.

Fundi alitoka mbio na sindano ingali kifuani mwa shati. Alimpigia mpimaji simu njia nzima. Haikupatikana. Alipofika, mahali pa duka palikuwa na shimo la kumeza lori, meza ya kukatia waliyoiacha inaelea kwenye maji ya matope, na ukingoni kitambaa cha njano. Akaketi palepale barabarani.

"Huyu kaka vipi, amekaa katikati ya barabara?"

Aligeuka. Mpimaji alikuwa kwenye ngazi za duka la dawa ng'ambo, nywele zimejaa vumbi, goti limefungwa bandeji.

"Simu yako," fundi alisema alipomfikia.

"Imo shimoni, pamoja na mashine. Vipimo vilianza kushuka ghafla, nikawafukuza watu wote. Bosi wangu atanila nyama."

"Na akule. Wewe upo."

Alimshika mikono yote miwili, hakuiachia hata mama yake alipofika. Mama alilitazama shimo.

"Pale ndipo ningekuwa nimekaa," alisema. Akamkumbatia msichana, kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe umekuja kumwomba radhi, au kumwomba uchumba?"

"Vyote viwili, mama."

Mpimaji alijifuta machozi kwa kiganja chenye matope, akajipaka usoni bila kujua.

"Anza na radhi," alisema. "Lakini usichelewe kufika kwenye hicho kingine."