Madonge Yaliyolala Kwenye Barafu

Kila alasiri ya mwezi wa Ramadhani, Kahindi alisukuma mkokoteni wake wa barafu hadi Mji wa Kale, na Marziya alikuwa wa kwanza kumsubiri barazani na sufuria yake. Kahindi alifunua magunia, akapangusa vumbi la mbao, akavunja kipande kwa patasi. Marziya alikimbia nacho nyumbani kwa ajili ya sharubati ya futari.

Siku moja, mwaka ule wa 1947, hakukimbia.

"Baba Kahindi, pande kubwa hudumu muda gani?"

"Likifunikwa vizuri, siku mbili hivi. Kwani wataka kulaza nini, mwanangu?"

"Biskuti," alijibu Marziya.

Bibi yake, Fatemabai, ambaye yeye alimwita Dadi, alijulikana mtaa mzima kwa nankhatai zake, biskuti za samli na iliki zinazovunjika mdomoni kabla hujazitafuna. Taib, mwoka mikate, kila mwaka aliwaachia majirani tanuri lake alasiri moja tu, siku ya mwisho ya kufunga, ambayo wao waliijua mapema kwa kalenda yao. Basi Dadi alikanda unga wote siku hiyohiyo, katika joto la jikoni, na saumu yake kifuani. Mwaka uliopita alianguka jikoni. Marziya ndiye aliyemshika kichwa mpaka alipofumbua macho.

"Dadi," alisema usiku ule baada ya futari, "mwaka huu tukande mapema, tuyalaze madonge ya unga kwenye barafu. Siku yenyewe iwe ya kukata na kuchoma tu."

"Donge la nankhatai halilazwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu halilazwi."

"Hiyo si sababu, Dadi."

Razia, binamu yake mkubwa, aliziba mdomo kwa mtandio. Katika nyumba ile hakuna aliyembishia Dadi. Bibi alimtazama mjukuu wake, na Marziya hakuinamisha macho.

"Haya, laza," alisema Dadi. "Likiharibika hata donge moja, mwakani nakanda mwenyewe, na saumu yangu, wala sitaki kusikia sauti yako jikoni mwangu."

"Nimekubali."

Zilipobaki siku mbili, walikanda baada ya futari mpaka viganja vya Marziya vikawaka moto. Madonge matatu aliyatia kwenye makopo yenye vifuniko. Kopo la nne hakuliona karibu, basi donge la mwisho akalifunga kwa kitambaa cha melimeli. Akayashusha yote chini, dukani kwa Ami Nuruddin, mwenye sanduku la mbao lililopigwa bati ndani, la kupozea soda, ambamo Kahindi alikuwa ameshusha pande kubwa la barafu.

Alipofunua sanduku, alimkuta samaki mkubwa aina ya nguru amelala juu ya barafu. Ami alikuwa amemweka kwa ajili ya wageni wa Idi. Marziya alisita. Alijua angepaswa kurudi juu kutafuta kopo jingine.

"Mwalimu wa barafu ameshikwa na mashaka?" Razia alimtania kutoka kwenye ngazi.

"Sina mashaka yoyote," alisema Marziya. Akaliweka lile donge la kitambaa kando ya samaki, akafunika.

Siku ya mwisho, madonge yalitoka magumu kama mawe. Yalipolegea kidogo, wasichana walikata vipande na kuvipanga kwenye masinia manne. Hakuna aliyeonja, kwa kuwa wote walikuwa wamefunga. Kwa Taib walisubiri zamu yao karibu na tanuri, na joto likaanza kuvilainisha vile vipande. Hapo ndipo Marziya alipoinua pua. Akainamia sinia la nne. Nguru.

"Nyunyiza iliki," Razia alinong'ona. "Watu wamefunga, hakuna wa kuonja. Kesho wakila, watasema ni samli ya mwaka huu."

Marziya aliwaza juu ya Dadi akianguka tena mwakani. Neno moja tu, na bibi angerudi kukanda peke yake. Alifumba macho, akamwomba Mungu kimoyomoyo. Taib alinyoosha koleo lake refu la mbao kulichukua sinia.

"Hilo liache, Ami Taib," Marziya alisema kwa sauti iliyosikika na wote. "Limeingia harufu ya samaki. Halichomwi."

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu waliangua kicheko. "Fatemabai leo atatulisha nankhatai za nguru," mmoja alisema. Marziya alisimama wima mpaka masinia yake matatu yakatoka, kisha akabeba lile bichi kichwani hadi nyumbani.

Dadi alilinusa. "Nguru?"

"Nguru. Nilimwona sandukuni, nikaona uvivu kurudi kutafuta kopo, na aibu mbele ya Razia. Wanawake kwa Taib wamenicheka, lakini sikutaka kuificha harufu kwa iliki. Ahadi ni ahadi, mwakani sitasema neno. Lakini leo nasema, Dadi: barafu haikuharibu kitu. Nimeharibu mimi. Haya matatu yamelala, na yameamka salama."

Dadi alilisukuma sinia kando. Adhana ya magharibi ilipolia alifuturu kwa tende, akanywa maji, kisha akachukua nankhatai moja. Ikavunjika mdomoni kabla hajaitafuna. Akachukua ya pili.

"Sikiliza," alisema hatimaye. "Ubishi wako haukunikera. Umebisha kwa ajili ya afya yangu, nami nilibisha kwa ajili ya mazoea yangu tu. Lakini ulipoogopa kuchekwa na Razia, uliharibu kazi. Leo umechekwa na mtaa mzima, nawe ukasema kweli. Iliki ingeificha harufu kwa majirani, isingeificha kwa Mungu. Anayetaka kubadili kazi ya wakubwa aifanye kwa uangalifu kuwashinda, na akikosea aseme mwenyewe."

Sinia la nne liliwekwa nje, na paka wa mtaa wakaanza Idi mapema.

"Na mwakani?" Marziya aliuliza polepole.

Dadi alipangusa chembe za biskuti mdomoni. "Mwakani mwambie Kahindi alete mapande mawili. Na ami yako amtafutie samaki wake pengine pa kulala."