Msumeno Uliowaka Bila Kuvutwa

Msumeno ulinukia udi. Mwinyihaji mwenyewe aliisikia harufu ile akainyamazia. Mashine ya petroli ya kukatia miti, imewekwa uani kwa Mzungu mmoja wa Likoni aliyekuwa akiuza vyombo vyake kabla uhuru haujaingia, yanukia kama chumba cha bi harusi.

Alikuwa amekwenda na Garama, kijana wa Kigiriama aliyemchanjia kuni miaka yote kwa shoka. Misumeno ilikuwa miwili. Garama alivuta kamba ya ule mdogo. Ukakohoa, ukawaka mvuto wa pili. Akaukagua mnyororo, akaridhika.

"Chukua huu, bwana. Wewe wakata kuni za karamu tu, mara mbili kwa mwaka. Ni mwepesi, na mnyororo wake wapatikana mjini."

Kisha akaunyoshea mkono msumeno ule mkubwa. Kabla hajaigusa kamba, ukanguruma.

Garama alirudi nyuma. "Chombo cha kuwaka bila kuvutwa kina mwenyewe," alisema polepole.

"Hicho ndicho nikitakacho," Mwinyihaji akacheka. "Kisichonisumbua."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaulipia ule mkubwa, akaubeba hadi Timbwani.

Sasa, Timbwani kuna ada: kuni za khitma huchanjwa na majirani, kila mtu na shoka lake. Mwinyihaji alikuwa akiandaa khitma ya arubaini ya mamake, akawaambia wasije, yeye ana mashine. Ujuba mtupu, nami nasema. Saa sita mchana, jua la utosi, aliuinua msumeno akate mkorosho mkavu nyuma ya nyumba, nao ukamvuta, ukampitisha mkorosho, ukampitisha ua, mikono imeganda kwenye mpini na udi umemjaa puani, ukamburura hadi makaburini, na kabla hajapata kusema bismillahi, mkunazi uliompa mamake kivuli ulikuwa umelala juu ya kaburi lake. Hapo ndipo ulipozimika wenyewe, ukamponyoka mikononi.

Majirani walikuja mbio. "Nani kaukata mti huu?"

Mwinyihaji aliona haya hata masikio yakamwaka moto.

"Garama," akasema.

Hakuna aliyeuliza mara mbili; kila mtu alijua Garama ndiye mchanja kuni wake. Garama alifukuzwa mtaani siku ile ile, na kila alilosema halikusikizwa.

Tangu hapo, kila adhuhuri, mkewe Mwinyihaji, Mwanatabu, akawa anaanguka jikoni, na kooni mwake kunatoka mngurumo wa msumeno. Siku ya tatu mngurumo ukageuka maneno. "Nani kakata?"

Akaitwa Bi Nyamvula, mganga. Alifukiza, akasikiza, kisha akamvuta Mwinyihaji pembeni.

"Jini hataki mbuzi wala kuku," alinong'ona. "Ataka aliyekata ajitaje mbele ya watu, kwa kinywa chake. Akijitaja, jini atarudi kwao. Lakini fanya haraka, mwanangu. Mkeo hana siku nyingi."

Siku ya khitma watu walijaa mikekani. Garama aliitwa, akaketi karibu na mlango. Mwanatabu alilazwa katikati, midomo imempauka, akinguruma kwa sauti ya chini isiyokatika.

"Sema," Bi Nyamvula akamwambia Mwinyihaji.

Mwinyihaji aliwatazama wakwe zake, akawatazama wazee waliomzika mamake, wote wamemkodolea macho, na neno "mimi" likampanda hadi ulimini, likakaa pale, zito, huku jasho likimtiririka mgongoni na harufu ya udi ikizidi, kisha likarudi lilikotoka.

"Ni Garama," akasema.

Mngurumo ukakatika. Sauti isiyo ya Mwanatabu ikatoka kinywani mwake, tulivu, imeridhika: "Nimepata kiti kinachonifaa." Kisha Mwanatabu akafungua macho, akaomba maji.

Watu walimshukuru Mungu. Bi Nyamvula hakushukuru. Alikuwa akimtazama Mwinyihaji tu. Mwinyihaji naye alikuwa ameshika kifua. Ndani mle kitu kilikuwa kimewaka, bila kuvutwa.

Bendera ya uhuru imeshapandishwa sasa, na Garama auza kuni karibu na kivuko cha feri. Kila asubuhi, Mwinyihaji akipita, Garama humwamkia kwa adabu ile ile.

"Shikamoo, bwana."

Na kila asubuhi Mwinyihaji hutaka kumwambia, ni mimi niliyekata, nisamehe. Hufungua kinywa. Udi hutoka kwanza, na nyuma yake mngurumo waja. Hujiziba kwa viganja viwili, akapita mbio.

Watu wa feri husema mzee yule ana kiburi, hata salamu haitikii.