Saa Mbili ya Daktari

Mbuzi walikuwa wakila pumba iliyolowa damu. Inspekta Dama aliwafukuza kwa teke, akainama juu ya hori. Kiti, mpimaji wa mifugo, alikuwa amelala humo kifudifudi, kisogo kimepasuliwa kwa jiwe la mizani la kilo tano.

Nje ya ghala, mtaa wa Shimanzi ulikuwa umekwisha kutoa hukumu. Wachukuzi walikuwa wamemwangusha Khubaib, mlinzi, wakimponda kwa mbao na mateke. Dama alifyatua risasi mbili hewani ndipo wakamwachia. Taya lake lilikuwa likining'inia.

"Si miye, dada," alisema kwa shida. "Nalikuwa msikitini, adhuhuri. Nimerudi ndo namuona. Wallahi, nisife na jina la muuaji."

"Hufi. Nitamtia mkononi aliyefanya haya."

Ahadi ni deni, na hili halikuwa na muda. Mhudumu wa ambulensi alinong'ona kwamba Khubaib anavuja damu kwa ndani.

Ndani ya ghala, Dkt. Mutanu, mwanamke aliyekuwa mtafiti mkuu wa mbuzi wale, alikaa juu ya gunia la mashudu. Chini ya bati lile hata mijusi ilitafuta kivuli, lakini yeye alivaa koti jeupe lililofungwa vifungo vyote, mikono ya koti imefika viganjani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitafiti lishe ya mwani ambayo, kwa maandishi yake, iliwafanya mbuzi wastahimili joto kali. Lishe hiyo ilimpa jina duniani, na wafugaji walikuwa wameshaanza kuitumia.

"Marehemu kazi yake nini?"

"Kuwapima mbuzi joto la mwili."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana, jua likiwaka. Utafiti wote umesimama hapo."

Dama alifungua daftari la Kiti. Kila ukurasa: saa 2. Pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwangalifu: umande bado haujakauka, kumepoa, chai sijanywa.

"Fomu ya kwanza aliandika nani?"

"Mimi."

"Uliandika mbili ya Kizungu. Kiti akapima mbili yetu sisi, ya asubuhi. Mbuzi wako hawajapimwa kwenye joto hata siku moja."

Mutanu aliivuta mikono ya koti hadi vidoleni.

"Pandisha mikono ya koti."

"Sioni sababu."

"Chini ya kucha za Kiti mna ngozi ya mtu. Maabara itasema ni ya nani. Pandisha!"

Mikwaruzo minne, mibichi, ilishuka kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

Simu ya Dama ikalia. Alisikiliza, akaikata. Khubaib alikuwa amekata roho kabla ya kufikishwa chumba cha upasuaji. Dama alitamani kumpiga mwanamke yule kwa mkono wake mwenyewe.

"Sema," alisema.

"Leo tulipokea fomu mpya, zimeandikwa 14.00. Kiti akaniuliza hiyo ni saa ngapi, nikamwambia. Akaangua kicheko. 'Daktari, kumbe saa mbili yako ndiyo saa nane yetu! Tumekosea sote.' Aliona ni mzaha, Inspekta! Nikamsihi anyamaze. Akaacha kucheka. Akasema shemeji yake kule Bamba ameamini lishe yetu, kiangazi kimemwulia mbuzi kumi na saba. Lazima watu waambiwe." Sauti ilimkatika. "Nimetoa ujana wangu wote kwa namba zile. Mama yangu alizikwa mimi nikiwa humu napima pumba. Kiti akanipa kisogo aende zake, nikampiga. Akageuka, akaning'ang'ania mkono. Nikampiga tena, na tena, mpaka akaanguka horini."

"Na Khubaib? Nani aliwaambia wachukuzi kwamba ndiye?"

"Mimi. Nilimwona akiingia, nikatoka nje hadi barabarani nikapiga mayowe. Nilijua hawangemwuliza kitu."

"Ulisimama ukitazama?"

"Nilingoja wammalize. Angekufa, mambo yangeishia hapo."

"Amekufa."

Mutanu aliufunika uso kwa viganja. Dama aliishusha mikono ile kwa nguvu, akaitia pingu, kisha akafungua daftari lake na kumwandikia mauaji mawili.