Kapu Lisilo na Alama

Rodrigo alikula kila alichowekewa mbele. Tangu nihamie nyumbani kwao Al Khuwair, hapa Maskati, wakati nyumba yangu inatengenezwa, nilikuwa nikimtembeza yeye, mkewe Ximena na binti yao mdogo Lucía: soko la Matrah, halwa ya moto, papa mkavu. Yeye anatafuna tu na kusema kwao Meksiko kuna kinachofanana nacho. Ananichekesha na kuniudhi kwa pamoja.

Iddi Kubwa nikawapeleka kijijini Yiti kwa ami yangu Jaifar wakaonje shuwa. Nyama hupakwa bizari, ikafungwa ndani ya kapu la mtende, ikazikwa kwenye shimo la makaa pamoja na za majirani. Kila nyumba hutia kapu lake alama. Letu lilikuwa na waya mwekundu.

Jua lilikuwa linazama ami aliponiambia, "Balqis, kalitoe kapu letu. Wenzetu washachukua yao."

Tukaenda, mimi na wale watatu. Shimoni yalikuwa yamebaki makapu mawili. Rodrigo akaopoa moja kwa ndoana.

Halikuwa na alama.

"Rudisha," nikamwambia. "Si letu hilo."

"Kwetu anayefukua shimo ndiye anayeonja kwanza." Akacheka, akalichana, akanyofoa mnofu. Nikampiga mkono, lakini nilichelewa. Alikuwa keshameza.

Hapo ndipo harufu ikanifikia. Haikuwa ya bizari... Ilikuwa ya nywele zinazoungua.

"Tamu?"

Sauti ya kike, Kiswahili cha kwetu cha Unguja. Mwanamke mwenye buibui alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo. Sikumwona akija.

"Mwambie mgeni wako," akaninong'oneza, "aliyekula chetu hutulisha chake. Nnamtaka yule."

Akamnyooshea kidole Lucía.

Bibi zetu walitusimulia karamu za wanga: ukionja nyama yao, unawatolea mtu wako. Nikapiga kelele, "Rodrigo, mshike mtoto! Anamtaka yeye kwa ile nyama!"

Lucía alianguka kifudifudi, akaanza kuburutwa kwa mguu kuelekea shimoni. Hakuna aliyemshika. Kucha zake zikachimba mchanga hadi zikatoka damu. Baba yake akamdaka mkono. Nikasikia bega la mtoto likiteguka... Ximena akanyakua ndoana, akampiga nayo yule mwanamke usoni. Shavu likapasuka mpaka sikioni. Damu haikutoka. Yalimwagika majivu, na meno ndani yake yakaendelea kucheka.

Miguu ya Lucía ikaning'inia juu ya makaa.

"Mimi!" Rodrigo akanguruma. "Mimi ndiye niliyekula!"

Akauzamisha mkono wake mmoja shimoni.

Kitu kikauma. Mfupa ukalia.

Tulipomvuta, mkono ulikuwa umeishia kwenye kifundo. Lucía alikuwa mikononi mwa mama yake, analia. Mwanamke hayupo. Kapu halipo.

Hospitali tulisema ameangukia makaa. Daktari alikitazama kile kidonda muda mrefu, kisha akaacha kuuliza. Wiki hii wamemruhusu, na leo, tukiwa mezani, ami Jaifar kanipigia simu.

"Balqis, tulikwenda kulifukia lile shimo kabisa. Tumekuta kapu. Ndani mna mkono wa mgeni wako, na pete yake ya ndoa. Umepikwa ukaiva."

"Audhubillahi! Uzikeni, ami."

"Mkono ushang'atwa. Mara moja tu. Alama za meno ni ndogo, mwanangu. Za mtoto."

Nikamtazama Lucía. Sahani yake ilikuwa haijaguswa. Tangu jioni ile hakuna aliyemwona akitia kitu mdomoni, na mashavu yake yamenawiri.

"Kula, mama," nikambembeleza. Naapa niliogopa jibu.

"Nimeshiba."

Kisha akamgeukia mama yake, akaanza kumtazama polepole, kuanzia miguuni.